Mtani Hatumwi Posa

Chumba cha nyuma cha nyumba yangu hapa Nachingwea kilikuwa cha kuwekea ufuta. Nilipoacha kulima ufuta kwa sababu ya mgongo, mke wangu alitaka kufugia kuku humo, nami nikamwomba anipe msimu mmoja tu. Msimu huo haujaisha mpaka leo. Nilining'iniza humo ufito wa mwanzi kwa uzi mmoja uliofungwa katikati, na kila ncha ya ufito nikaitundikia jiwe dogo. Karibu na jiwe mojawapo niliweka jiwe zito la mizani, lile la chuma la zamani, lililobaki bila kazi chama cha msingi kilipoanza kupima korosho kwa mizani ya umeme. Kisha nikafunga mlango, nikachungulia kwa tundu la ufunguo, nikasubiri ufito ugeuke.

Nilitaka kuona jambo nililolisikia nikiwa kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa fizikia alisema kila kitu kinavuta kila kitu. Dunia inaivuta korosho idondoke, na korosho nayo inaivuta dunia, na korosho mbili zilizolala mezani zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Darasa zima lilicheka. Mwalimu akasema nguvu hiyo ni ndogo mno, mvuto wa dunia unaifunika, ndiyo maana hatuioni. Kengele ikalia, wenzangu wakakimbilia ugali na mbaazi. Mimi nilibaki nikitazama daftari mbili zilizokuwa juu ya dawati langu.

Baada ya kidato cha nne sikuendelea. Nikapata kazi ya kupima korosho ghalani, nikaifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Kazi yenyewe ni gunia kupanda, mshale kutulia, kusoma, gunia kushuka. Wakulima walinitazama machoni kuona kama nawaibia, na mimi nilitazama magunia mawili yaliyoegemezwa ukutani nikijiuliza yanavutana kiasi gani. Sikumwambia mtu. Mtu anayepima mali za watu hatakiwi kuonekana ana mawazo mengine.

Ule ufito uligeuka, ndiyo, lakini uligeuzwa na kila kitu. Mke wangu akitwanga, ufito unageuka. Upepo ukipita chini ya mlango, unageuka. Kisha zikaja familia za wafugaji kutoka upande wa Ziwa, na njia yao ya kwenda mtoni ikawa inapita nyuma ya nyumba yangu. Ng'ombe wale wakipita, ufito ulizunguka kama mwali anayetolewa ndani. Nikamfuata baba mmoja wa kifugaji, mtu mpole, nikamweleza kwamba ng'ombe wake wananiharibia jaribio.

"Baba, poleni sana," akasema. "Sasa wapite wapi? Upande ule kuna mikorosho ya watu, huku kuna ufuta. Au wapite angani?"

Alisema kwa unyenyekevu kabisa, hakukusudia mzaha. Lakini nilirudi nyumbani na neno lile. Angani hakuna ng'ombe, hakuna kinu, na upepo haupo. Kama siwezi kuihamisha dunia ikae mbali na mawe yangu, basi mawe yangu ndiyo yahame.

Nikaanza kusoma. Kwenye simu unaweza kusoma mengi kama una uvumilivu na bando. Nikajua kwamba vipo vyombo vinavyorushwa kwenda juu na kuwabebea watu majaribio madogo, mengine hayazidi ukubwa wa sanduku la viatu. Jaribio langu lilikuwa rahisi hata mtoto angelielewa. Sanduku lisilo na hewa. Ndani yake tufe la madini ya risasi, ukubwa wa nazi ndogo iliyofuliwa. Shubiri moja kutoka hapo, tufe dogo la mpingo. Yote mawili yanaachiwa yaelee bila kuguswa, na kamera inatazama. Kama mwalimu wangu alisema kweli, yatasogeleana polepole mpaka yagusane. Kwa hesabu zangu ingechukua kama muda wa maharage kuiva. Na kwa kupima mwendo huo mtu angejua nguvu yenyewe ya mvutano ni kiasi gani, bila uzi wala ufito.

Kwa nini mpingo? Kwa sababu ningetumia chuma, mtu angesema kilichovuta ni sumaku. Mpingo hauna ubishi huo. Nilipata kipande kutoka Kilimarondo, nikampa fundi seremala wa hapa mjini anichongee tufe. Akaniuliza la nini. Nikasema la mchezo. Ndivyo nilivyokuwa nikijibu watu wote, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu. Kila nilipoulizwa jambo hili nililidogosha mwenyewe kabla hajalidogosha mwingine.

Mtu wa kwanza niliyemwambia ukweli alikuwa mtani wangu.

Yeye alikuwa Mmakua, mimi Mmwera, na kati ya ukoo wao na wetu kuna utani tangu enzi za mababu. Wasiojua utani wa huku huuona kama matusi. Mtani wako anaweza kuingia kwako, akafunua chungu, akachukua nyama na kukuambia ukalalamike mahakamani. Anaweza kukuita mchawi mbele ya wakwe zako. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeuvunja utani, na mtu aliyevunja utani hana wa kumfariji siku ya msiba. Unachotakiwa kufanya ni kucheka, kisha utafute cha kumrudishia. Nimecheka namna hiyo tangu utotoni. Kicheko hicho hakipiti kwanza kichwani.

Mtani wangu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, anakaa Chiola. Alikuja siku moja kunitembelea, akalikuta lile tufe la mpingo dirishani. Akalipima kiganjani.

"Mtani, kumbe la tatu ulikuwa unalificha huku nyuma? Mwenye nyumba anajua?"

Mke wangu akajibu kutoka jikoni, "Mimi hata hayo mawili sijayasikia siku nyingi."

Tulicheka mpaka mtani akakaa chini. Sijui kwa nini, pengine kwa sababu kicheko kilikuwa kimenilegeza, nikamweleza yote. Kidato cha tatu, magunia, ufito, ng'ombe, angani. Nilitegemea anirarue. Hakunirarua. Aliniuliza swali moja, halafu jingine, halafu akaomba karatasi achore. Alipoondoka aligeuka mlangoni akasema, "Mzigo kama huu unaubebaje peke yako, mtani? Wewe kweli Mmwera." Hilo ndilo tusi pekee alilonipa siku ile.

Yeye ndiye aliyeandika kwa Kiingereza, maana Kiingereza changu ni cha kusoma tu. Tukaenda kwa dada wa steshenari, akachapa, akatuma kwa watu wa nje wanaopokea maombi ya majaribio. Jibu lilichukua muda mrefu, tukaanza kuwasema vibaya. Lilipokuja lilikuwa la heshima. Walisema mambo mawili. La kwanza, kwamba nimekosea. Chombo kikizunguka karibu na dunia, dunia inaendelea kuvuta, tena kitu kilicho karibu nayo inakivuta zaidi kidogo kuliko kilicho mbali. Tofauti hiyo ndogo ingetosha kuyatenganisha matufe yangu kabla hayajakaribiana. Nilisoma mara kadhaa, nikapiga hesabu, nikaona wako sahihi. Kumbe hata huko juu ng'ombe wapo. Sikuumia. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kunisahihisha jambo hili bila kucheka. Nikaandika upya, nikasema jaribio lisubiri chombo kinachokwenda mbali, nao wakajibu kwamba hilo linaweza kufikiriwa.

La pili ndilo lililotukwamisha. Hawapokei mtu binafsi. Lazima mwombaji adhaminiwe na shule, chuo au taasisi, na barua ya udhamini ifike kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Hatukuwa na taasisi. Tulikuwa wazee wawili, tufe moja la mpingo na risasi ambayo hatujainunua. Lakini Ruangwa kulikuwa na shule ya sekondari yenye maabara mpya na mkuu wa shule kijana, mwanamama, anayesifiwa kwa kupenda sayansi. Nikamwendea. Akanisikiliza dakika chache akiwa amesimama, watu wanamsubiri, akasema mambo ya udhamini ni ya bodi. Niende kwenye kikao cha bodi nijieleze.

Nijieleze. Neno hilo lilininyima usingizi. Mbele ya watu wenye mafaili ulimi wangu hukauka kama kisamvu cha juzi. Isitoshe kwetu mtu haombi jambo kubwa kwa mdomo wake mwenyewe. Ukitaka mke hujiposei. Unamtafuta mshenga, mtu mwenye maneno, anakwenda kusema kwa niaba yako, wewe unakaa pembeni umeinamisha kichwa, na ukimya wako ndio adabu yako. Nikaona hili nalo ni posa. Na katika wilaya yetu yote hapakuwa na mtu mwenye maneno kumshinda mtani wangu.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele nilipomwambia. Aliacha kuchambua.

"Mtani hatumwi posa," akasema.

"Huyu ni mwalimu. Anajua kusema na watu."

"Anajua. Na watu nao wanamjua. Hivi wewe ungempa binti yako mtu aliyeletwa na mtani?"

Nikamwambia kikao cha bodi si harusi. Akarudi kwenye mchele wake. Mke wangu hasemi jambo mara mbili. Najua leo kwamba ningemsikiliza ningeweza kumtuma mtu mwingine yeyote, hata yule dada wa steshenari, na labda wangemsikia.

Siku ya kikao tulifika Ruangwa asubuhi, viatu vyekundu kwa vumbi. Mtani alikuwa amevaa koti lake la kahawia, lile alilopewa alipostaafu. Njia nzima hakunitania hata kidogo. Alikuwa akipitia maneno yake, midomo inachezacheza kama ya mtu anayesoma uradi.

Bodi ilikaa maktaba. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mnunuzi wa mbaazi na ufuta, mtu wa ukoo wetu. Hilo nililijua. Sikuwa nimelifikiria. Mtu wa ukoo wetu ni mtani wa mtani wangu kama nilivyo mimi.

Mtani akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa mwenyekiti, madam mkuu wa shule, wajumbe. Nimetumwa na mzee huyu, na nililotumwa si la mchezo."

Mwenyekiti akaegemea kiti chake. "Wajumbe, Mmakua akisema si la mchezo, shikeni mifuko."

Wakacheka. Kwa desturi hapo mtani alitakiwa kurudisha, na niliona jibu likimfika mdomoni. Akalimeza. Ndiyo mara pekee niliyomwona akimeza. Akaendelea kuhusu mvutano, kuhusu sanduku, kuhusu matufe mawili, vizuri kabisa, kwa maneno ambayo mimi singeyapata. Lakini kila alipopumua mtu alichomeka neno.

"Anayekwenda huko juu ni tufe au mzee?" akauliza mjumbe mmoja.

"Ni tufe, mheshimiwa."

"Afadhali angekwenda mzee," akasema mwenyekiti, "ukoo upumzike."

Mama mmoja mjumbe akauliza likipotea atalifuata nani. Mwenyekiti akasema Wamakua si wanaruka usiku, watalifuata wao. Tufe la mpingo lilikuwa linazunguka mezani kutoka mkono kwenda mkono, na kila aliyelipokea alilipima kiganjani kama alivyolipima mtani siku ile, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Mkuu wa shule alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Mtani akazidi kuwa na uso wa kazi, na kadiri alivyozidi, ndivyo walivyozidi kucheka. Walidhani anaigiza, na kwa macho yao aliigiza vizuri kuliko siku zote.

Mwishowe mwenyekiti alinyanyua mkono, watu wakatulia. Nataka kusema haki. Hakuwa mtu mbaya. Alinigeukia mimi, akaniuliza taratibu, "Mzee wangu, huyu mtani wetu tunamjua. Msibani kwa baba yangu aliuza jeneza marehemu akiwa bado hajaletwa. Hebu tuambie wewe mwenyewe. Hili ni kweli au ni utani?"

Neno lililotakiwa lilikuwa moja, na nilikuwa nalo. Nililibeba tangu kidato cha tatu. Mtani alinitazama. Wote walinitazama, na nyuso zao zilikuwa bado zimebaki na kicheko, zimekaa tayari, kama watu walioshikilia nyungo wakingoja ufuta umwagwe.

Nikacheka.

Sikuamua. Kilitoka kile kicheko cha utotoni. Na kama vile hakikutosha, nikasikia mdomo wangu unasema, "Si mnamjua huyu!"

Chumba kikapasuka. Mtani alikuwa bado amesimama, mkono kwenye kifungo. Sekunde moja uso wake ulikuwa wa mtu aliyeondolewa ngazi akiwa juu ya dari. Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akafungua koti, akainama mbele ya bodi kama mchezaji wa maigizo, akasema, "Haya jamani, nimekamatwa. Mmwera hajui kutunza siri." Wakampigia makofi. Alinifunika. Aliona nimekuwa uchi mbele za watu, akanivulia nguo yake.

Mkuu wa shule nilimkuta nje karibu na gari. Nikamwambia, "Madam, lile jambo..."

"Mzee, leo mmetuchangamsha. Vikao vyetu vinachosha kweli."

"Lile jambo, madam."

"Wala usiwe na wasiwasi, mzee wangu. Sikuliweka moyoni."

Nilitaka kumwambia naomba uliweke. Alikuwa ameshapanda. Akashusha kioo, akasema siku ya mahafali tuje tena, wanafunzi watafurahi.

Tukiwa stendi tunasubiri gari, mtani alinunua ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, akawa anamenya na kunipa, anamenya na kunipa. Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane. Aliniambia, "Mzee, kuna chumvi hapa." Aliniita mzee. Tangu tufahamiane hakuwa ameniita hivyo.

Nilijaribu kurekebisha. Nilirudi shuleni peke yangu, nikaambiwa mkuu wa shule yuko semina. Nikarudi tena, nikamkuta mwalimu wa zamu, akaniuliza, "Mzee, leo mtani umemwacha wapi?" akaanza kucheka kabla sijafungua kinywa. Nilimfuata mwenyekiti dukani kwake. Nikasema lile la siku ile lilikuwa kweli. Akasema, "Acha hizo, mzee, nina wateja," akaniagizia soda. Ile soda niliinywa. Nikawaandikia wale watu wa nje, Kiingereza changu mwenyewe kibovu, nikiomba wanikubali hivyo hivyo bila mdhamini. Walijibu baada ya dirisha kufungwa. Walisikitika, wakasema hawajui kama kutakuwa na jingine. Mpaka leo sijasikia.

Mtani aliendelea kuja nyumbani. Alikaa, akanywa chai, akauliza hali ya mgongo. "Mzee, mikorosho umepulizia?" "Mzee, mvua huku kwenu ikoje?" Chungu hakufunua. Mke wangu alimwekea nyama makusudi karibu na mlango wa jiko, hakuichukua. Siku moja alipoondoka mke wangu akasema, "Huyu anakuja kama mgeni." Nilikuwa najua. Nilikuwa nikijua pia kwamba nilipaswa kuomba radhi. Lakini mtani haombwi radhi, kwa kuwa baina ya watani hakuna kosa. Desturi yetu haina mlango wa kuingilia hapo. Niliuzunguka ukuta huo miezi mingi sikuona pa kupita.

Kisha akaugua tumbo. Walimlaza hospitali ya Mnero. Nilimkuta amekonda, macho makubwa, mkewe ameketi pembeni ya kitanda anampepea kwa kanga. Nilikaa. Yeye ndiye aliyesema, sauti kama inatoka chini ya mto.

"Mtani, tufe lako limeshafika?"

Aliniita mtani. Nilishika ukingo wa kitanda.

"Bado."

"Basi nitalitangulia. Nikifika nitakwambia kama vinavutana."

Mkewe akamkemea, "Acha mambo hayo." Yeye akatabasamu, meno yote. Mimi nilicheka, na safari hii nilijua kwamba nacheka. Nilitaka kuongeza neno. Muuguzi akaja, nikatolewa nje. Wiki ile ile akafariki.

Alizikwa Chiola. Siku ya kuondoa matanga ndiyo siku ya watani. Watani wa marehemu huvaa nguo zake, huiga mwendo wake, husema alivyosema, hudai vitu, huwazuia watu kula mpaka watoe chochote. Ni kazi, wala si hiari. Wafiwa wakishacheka ndipo msiba unahesabiwa umekwisha. Watu wa ukoo wetu tuliokuwepo tulikuwa wachache, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Mjane aliniletea koti la kahawia.

Nililivaa. Lilinibana mabegani. Nikatembea kama yeye, kifua mbele, mkono mmoja nyuma kama anashika fimbo ya darasani, na wanawake wakaanza kucheka kwa sababu nilimpatia. Nikauliza nani hajafanya zoezi la nyumbani. Nikafunua chungu cha wapishi nikatoa mfupa. Mwenyekiti wa bodi alikuwepo, amekaa kwenye mkeka na wakubwa, anacheka tayari. Nikamwona. Nikafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema. "Nililotumwa si la mchezo."

Wakalipuka. Mwenyekiti akapiga paja. Na mimi nikaendelea. Nilisema yote. Kwamba kila kitu kinavuta kila kitu, korosho na korosho, gunia na gunia, mtu na mtu. Kwamba dunia ni kubwa, inaufunika mvuto wa wadogo, ndiyo maana hatuoni. Kwamba mtu akiweza kufika mbali na kelele zote, akaachia vitu viwili shubiri moja, bila uzi, bila mkono wa mtu, vitatafutana vyenyewe, na inahitaji tu uvumilivu wa kupika maharage. Kwamba hili bado hatujaliona kwa macho yetu, na sisi watu wa huku tunaomba tusaidiwe kuliona. Ulimi haukukauka. Sijawahi kusema vile, wala sitasema tena. Watu walikuwa wanalia kwa kicheko. Kila nilipopumua mtu alipaza sauti, "Endelea, mtani!" Waliweka pesa kwenye ungo miguuni pangu, kama wanavyotunzwa watani, na mwenyekiti akaja mwenyewe akaweka noti, akanishika bega.

"Hii imeipita ile ya Ruangwa," akasema, hawezi kupumua.

"Ilikuwa kweli," nikamwambia. "Siku ile. Ilikuwa kweli, na hii nayo ni kweli."

Akanikumbatia. Akacheka begani kwangu, mwili wote unatikisika, na mimi nikasimama pale ndani ya koti la mtu mwingine, mikono imening'inia.

Pesa za kwenye ungo zilikwenda kwa wapishi, ndivyo desturi ilivyo. Watu walipoanza kula, mjane alinifuata pale nilipokuwa nikinawa mikono. Alikuwa amecheka naye, macho yalikuwa bado yana maji. Nikaanza kulivua koti nimrudishie. Akasema hapana, mtani akishalivaa ni lake.

Kisha akasema, "Yale maneno alikuwa akiyasema chumbani. Kabla hamjaenda huko kwenye kikao. Ananisimamisha mimi ndiyo bodi, ananisomea."

"Niliyapatia?"

Akafikiri. "Maneno umeyapatia. Lakini yeye hakuwa akichekwa. Mimi nilikuwa nalia."

Akaenda kugawa wali. Nikabaki na maji yananidondoka mikononi, nikitazama watu wanavyokula.